Kiungo cha Gari la Kifaransa

Jumatatu, 4 Machi

Nimewasha gari, dakika tano, nimezima. Kama kila Jumatatu. Injini isiponguruma mara moja kwa wiki inasahau kazi. Betri nzuri. Breki ya nyuma kushoto bado inavuja.

Zaina anasema gari hili ndilo mke mkubwa, yeye ni mdogo. Ana haki kidogo.

Gereji haina kazi. Tangu vita vifunge barabara, Kindu nzima inakwenda kwa baiskeli. Mimi Amisi, fundi wa injini mwana wa fundi wa injini, leo nimeziba mipira sita.

Alhamisi, 7 Machi

Kamanda wa askari wanaoshika mji amefika gereji na watu watatu. Amelizunguka gari. Amepiga teke gurudumu. Analitaka liwe tayari kabla mwezi haujaisha.

Nimemwambia ni gari zee, limekufa, vipuri vyake haviko popote ila Ufaransa. Uongo, na yeye amejua ni uongo. Jumatatu mji mzima ulisikia likinguruma. Amecheka.

"Gari haina ugonjwa, mufundi. Ni wewe njo ugonjwa yake."

Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbili chini ya gari. Mgongo umekwisha.

Mafundi wote wa hapa wanafanya hivi tangu vita vianze. Unatoa kipande kimoja, unakificha katika nyumba ya mtu unayemwamini, na mtu huyo humwambii ni kipande cha nini. Asiyejua hawezi kusema, hata akipigwa. Gari unaliacha nje, wazi, wajionee wenyewe kwamba haliendi. Lakini wenzangu wanaficha vitu vya kijinga. Pampu ya mafuta. Delko, kile kinachogawa moto kwa plagi. Askari wanavua delko ya lori lingine, wanafunga, wanakwenda zao, na mwenye gari anabaki na kipande chake mkononi.

Mimi nimechagua vizuri kuliko wote. Kitabu kimenisaidia.

Kitabu cha vipuri aliniachia baba. Naye alikipata kwa fundi wa Kifaransa aliyekuja na magari haya, zamani, jeshi la wakati ule lilipoyanunua. Yule mzungu alikaa Kindu miezi mitatu, akamfundisha baba kazi, malaria ikamrudisha kwao. Jeshi likaja kulitupa hili moja karibu na stesheni, limekufa, baba akaliomba. Ukurasa wa kwanza wa kitabu ni historia ya kiwanda. Nimeusoma tangu nikiwa mtoto. Kiwanda kidogo, katika mji wa milimani. Aliyekianzisha alikuwa fundi wa matrekta. Vita vyao vikubwa vilipokwisha alikusanya mabaki ya jipu za Wamarekani, akawaundia wakata miti gari la kupita kwenye matope. Wanajeshi wakaliona, wakalitaka.

Injini walinunua kwa kampuni kubwa. Ekseli kwa nyingine. Breki kwa nyingine. Kitu kimoja tu walikitengeneza wao wenyewe: kiungo cha chuma kinachoshikanisha sanduku la gia na sanduku la pili, lile linalogawa nguvu kwa magurudumu yote manne. Ukubwa wake kopo la nyanya. Meno yamo ndani, membamba, na kila kiungo kimegongwa namba kwa mkono. Bila hicho injini inanguruma vizuri kabisa na gari linabaki palepale.

Nimetoa hicho. Katika jimbo lote la Maniema hakuna cha pili. Hata kamanda akivua lori mia hatakipata.

Jumanne, 12 Machi

Kiungo amekichukua Zaina.

Anakwenda kwao kuvuna mpunga na mama yake, kijiji kilicho ndani kidogo kutoka barabara ya Kibombo, kilometa hamsini kutoka hapa. Amekwenda na Mariamu. Mtoto ana miaka saba, anatembea kama askari. Nimekifunga chuma katika kipande cha kikwembe, kitenge chake cha zamani, Zaina amekiweka chini ya kikapu, juu yake samaki wakavu. Nimewasindikiza mpaka kizuizini; askari walifunua samaki, wakachukua wawili, wakafunika.

Ameniuliza ni nini. Nimemwambia chuma, usipoteze, usimwonyeshe mtu. Sikuongeza. Ndiyo desturi. Aliniangalia muda kidogo. Miaka kumi ya ndoa. Kisha akasema, "Sawa, Papa Mariamu," akajitwisha kikapu.

Jumapili, 17 Machi

Kamanda amerudi na dereva wake. Wamewasha. Injini, mashallah, kama mpya. Dereva ameweka gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nyuma. Gari halikutikisika. Watu wanane wamelisukuma, wamepiga kelele, wamelala chini na tochi, wameangalia wasichokijua.

Nimepigwa kofi. Moja tu. Wamekwenda.

Nimefurahi siku nzima. Nyumba tupu, hakuna wa kumwambia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iko kijijini inavuna mpunga. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Zaina mgonjwa.

Muuza mawese ameleta habari kwa baiskeli baada ya swala. Ametumwa jana. Tumbo, upande wa kulia, chini. Homa. Muuguzi wa kijiji amesema ni la kupasuliwa na yeye hana kisu wala dawa. Hospitali ya Kindu tu. Wanasema nilete gari.

Nilete gari. Kiungo kiko kwao, katika kikapu chake.

Nimekaa chini katika mlango wa gereji. Kisha nimekwenda kwa Kalonda, mhunzi wa mtaa wetu. Nimemchorea kiungo kutoka kitabuni. Ana kipande cha ekseli ya lori, chuma kizuri. Anasema tunaweza kujaribu. Nimesema tusijaribu, tutengeneze. Kesho jioni tutakuwa tumemaliza. Kesho kutwa alfajiri niko barabarani, saa tatu za matope, nimefika.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda kwa kamanda kuomba karatasi ya njia. Ilibidi nimwambie ukweli wote. Nilingoja kipigo. Hakunipiga. Amesaini, na amenipa dumu la mafuta. Gari likirudi ni lake. Nimekubali. Angetaka nyumba ningekubali.

Sasa karatasi ninayo, mafuta ninayo, gari ninalo. Kimebaki kipande cha chuma.

Kalonda ametoboa, mimi napiga tupa. Meno ya ndani ni magumu. Yakiwa manene hayaingii, yakiwa membamba yanacheza. Saa tisa tumejaribu, hayakuingia. Saa kumi na moja, hayakuingia. Kalonda amesema kwa upole kwamba na mimi nina baiskeli. Nimemkasirikia. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Nimetumia maneno ya wazee kumfunga mdomo mtu aliyesema kweli. Naandika ili nikumbuke.

Jumapili, 24 Machi

Adhuhuri kimeingia. Tumefunga. Nimewasha, nimeweka gia ya kwanza, gari limetembea. Kalonda alinyanyua mikono. Limefika kwenye mti wa posta, nikasikia mlio. Meno yote yamelala upande mmoja. Chuma laini.

Tumeanza kingine. Jioni chuma kimepasuka chenyewe katika maji tulipokuwa tunakikaza.

Mikono imechoka, siwezi tena kushika tupa. Kesho alfajiri nakwenda na baiskeli.

Jumatano, 27 Machi

Zaina amekufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilikutana nao juzi alasiri, nusu ya njia, mahali pa kijito. Walikuwa wameiweka chini tipoyi, machela ya miti waliyombebea, kwenye kivuli. Mdogo wake Ramazani na vijana watatu wa kwao, wameketi. Walitoka kijijini Jumapili asubuhi. Alifia njiani juzi, jua likiwa bado changa. Walikuwa wamemfunika uso.

Mariamu alikuwa amesimama nyuma yao. Hakunikimbilia.

Ramazani alinipa furushi la kikwembe. "Shemeji, alisema tukupatie mukononi." Uzito wake niliujua kabla ya kufungua.

Tumemzika Kindu jana.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefunga kiungo. Kazi ya dakika arobaini. Nimetembeza gari mpaka nyuma ya gereji, hatua kumi, nimezima. Kamanda akitaka aje achukue. Wanasema amehamishwa.

Nimehesabu barabara usiku na mchana. Ningepanda baiskeli ile Ijumaa ningefika Jumamosi adhuhuri. Ningesema gari haliji, mbebeni, msilale njiani. Jumapili jioni angekuwa mezani kwa daktari. Siku mbili nilipiga tupa. Siku mbili nilitaka kuwa kiwanda cha Ufaransa.

Mariamu ameuliza kwa nini gari halikuja. Nimemwambia barabara ilikuwa imefungwa, ni vita. Amesema ndiyo, Papa.

Sitaandika tena.

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari lingine. Miaka ishirini na miwili imepita. Lile la zamani limeliwa na mchwa kwenye kona moja tu, mengine yanasomeka. Nilidhani nimelitupa.

Sababu ni hii. Mariamu, ambaye sasa ni mwalimu na ana watoto wawili, alipiga picha ya gari nyuma ya gereji, kuku wamelala juu ya kiti, akaiweka mtandaoni kwa simu yake watu wacheke. Watu wamecheka. Na mzee mmoja wa Ufaransa ameiona akaandika. Babu yake ndiye aliyeanzisha kile kiwanda. Anaandika kitabu kidogo kuhusu magari yao na alidhani yale yaliyokuja Kongo yalikwisha yote. Anaomba namba ya kiungo. Na anaomba habari: nani alilitunza gari, lilipitaje vita.

Mariamu amefurahi kuliko mimi.

Alhamisi, 5 Septemba

Mzee wa Ufaransa ameandika barua ndefu. Macho yangu siku hizi si macho, Mariamu amenisomea, Kifaransa kwanza halafu Kiswahili.

Anaeleza kiwanda kilivyokufa. Kitabu cha baba hakikuwa na hayo. Walikuwa watu wachache, wote wa mtaa mmoja, na mchana mwanzilishi alikula nao meza moja. Kiungo kile alikisaga yeye mwenyewe na wazee wawili, hakumpa mwingine. Kisha jeshi lao likaagiza magari mengi kwa wakati mmoja. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa viungo. Karakana kubwa ya mji wa jirani ilijitolea kuvitengeneza. Mzee akakataa. Akasema chuma hiki hakishikwi na mkono mwingine. Siku zikapita, jeshi likakwenda kwa kampuni kubwa, na watu wa mtaa ule wakarudi kwenye matrekta au wakakaa nyumbani. Jengo leo linauza vitanda. Mjukuu anasema babu yake aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuwahi kusema nilikosa. Alisema jeshi halikuwa na subira.

Nimemwambia Mariamu asome mara ya pili sehemu hiyo. Ameuliza kwa nini unalia, Papa. Nimesema ni moshi. Hakukuwa na moto.

Jumamosi, 7 Septemba

Mariamu anataka tujibu. Yeye ndiye ataandika, kwa sababu ya Kifaransa. Maana yake kila nitakachosema kitapita kwanza kwake.

Naweza kumtajia yule mzee namba, tarehe, kamanda, kofi. Watapenda kofi. Naweza kuacha mengine kama nilivyoacha miaka yote hii. Mtoto amekua akiamini kwamba vita vilifunga barabara. Ana heshima kwangu ambayo si yangu. Wakwe zake wananiita mzee wa busara. Nikisema, nitabaki na gari na kuku.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Mjukuu wangu huyo wa majuto ana umri wa kuoa.

Jumapili, 8 Septemba

Nimesema.

Alikuja saa nne na kompyuta yake ndogo. Nilianza na baba na mzungu wa malaria, alicheka, aliandika. Nikafika kwenye kiungo, kikwembe, samaki wakavu. Vidole vyake vilipunguza mwendo. Nikasema siku ya Ijumaa habari ilifika. Nikasema karatasi ya njia nilipata, barabara haikuwa imefungwa. Nikasema Kalonda aliniambia nina baiskeli. Nikasema Jumamosi na Jumapili, zote mbili, nilikuwa kwenye tupa. Nilikuwa naangalia ukutani, si usoni kwake.

Aliacha kuandika. Nilingoja ainuke aende kwake.

Akasema, "Papa, na sisi tulingoja."

Sikuelewa. Akaendelea polepole. Ramazani na vijana walitaka kumbeba ile Ijumaa. Tipoyi ilikuwa tayari mlangoni. Mama yake alikataa. "Alisema, papa yako iko njiani na gari, acheni tusipishane naye. Alinituma niende barabarani, nisikilize sauti ya moteri. Nilikaa kule siku mbili."

Jumamosi jioni Zaina aliomba kikapu. Alifungua kikwembe, akakigeuza chuma mkononi, akaingiza kidole katika meno ya kile chuma. Alikuwa ameishi na mimi na gari lile miaka kumi. "Akasema, hii njo miguu ya gari. Kisha akasema, kesho mutanibeba."

Mariamu alijua tangu ana miaka saba. Hakusema, alifikiri mimi sijui kwamba walingoja, na kwamba nikijua nitakufa. Mimi kwangu nilinyamaza kwa ajili yake. Tumekaa nyumba moja, tumekula sahani moja, kila mmoja akimfichia mwenzake siku zake mbili.

Neno moja sikioni, kizuizini siku ile, nikiwa naye, wakati askari wanachagua samaki: Zaina, bila hiki gari haliendi. Angepanda tipoyi Ijumaa. Nilimnyima hilo neno nikaita usalama. Ilikuwa desturi, ndiyo, na kwa watu wengine ilikuwa desturi nzuri. Lakini yeye hakuwa mtu mwingine.

Nimelia mbele ya mtoto wangu. Na yeye amelia. Hatukushikana. Sisi si watu wa kushikana.

Jumanne, 10 Septemba

Mariamu ameniletea jibu kabla ya kulituma. Limeandikwa vizuri. Siku mbili za tupa hazimo. Ameandika barabara ilikuwa mbaya.

Nimemwambia aziweke. Amesema yule mzungu hana haja ya kuzijua. Nimesema hana, kweli, lakini babu yake alikwenda kaburini hajasema nilikosa, na mimi sitaki. Ameziweka. Ameongeza na siku mbili za kule kijijini, sikumwomba. Ametaja jina, Zaina, na jina la baba yake. Tumetuma.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Sikufungua gereji. Mariamu amekuja baada ya swala na wali na samaki, bila watoto, bila kompyuta.

Tumekula. Ameosha vyombo. Kisha ameketi mlangoni akaniuliza kama mama yake alikuwa anaimba. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza kitu juu yake. Nimesema hapana, sauti yake ilikuwa mbaya na alijua. Alikuwa anapiga mluzi. Akipika, akifua, mluzi. Bibi yake Zaina alimkataza, akisema mwanamke anayepiga mluzi anaita nyoka, naye alikuwa anasubiri bibi atoke ndipo aanze.

Mariamu amesema hakumbuki. Nimejaribu kumwonyesha, nimekosa meno ya mbele, umetoka upepo tu. Amecheka. Ameniambia nijaribu tena.